Shanga Kwenye Jiko la Kioo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tunu alimwamkia bibi yake sebuleni. Bibi Mwanaamina alikuwa ametoka kijijini kwake Gwata kuja kuishi nao Maili Moja, Kibaha, ili awe karibu na kliniki. Presha ya macho ilikuwa imemwondolea nuru karibu yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Usiinuke, nakuletea chai."

Nyumba yao ilikuwa ya kisasa. Hamza, baba yake Tunu, alikuwa fundi umeme. Aliweka taa zinazowashwa kwa simu, na jiko la kioo lisilo na vitufe. Ukigusa alama, linawaka. Lakini alama zile zilitaka macho. Basi Tunu alimfanyia bibi kila kitu, akiona ndiyo adabu.

Jumamosi moja alisikia jiko likilia pii, pii. Alimkuta bibi amesimama mbele ya jiko, sufuria mkononi, hajui kama limewaka au limezima.

"Bibi, utaungua. Si nilikwambia utulie?"

Bibi aliweka sufuria chini taratibu. Jioni alimwambia Hamza, "Mwanangu, nirudishe Gwata. Hapa nalishwa tu kama kuku wa mayai. Kule jiko langu nalijua."

"Na dawa za macho, mama? Kliniki itakuwa mbali."

 Tunu alikaa miguuni pa bibi, machozi yakimlengalenga. Bibi akamsikia anavuta kamasi.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nina watumishi kumi. Hawana macho, lakini gizani wanaona."

Tunu aliwaza, akashindwa. "Nakupa mji, bibi."

"Mji gani?"

"Wowote, ila si Gwata."

Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Haya, nimekwenda Bagamoyo, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Ni vidole. Hivi vyangu vimechambua mchele maisha yangu yote, wala havijastaafu."

Tunu akaishika mikono ile. "Bibi, wewe ungependa jiko liweje?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo.

Kesho yake Hamza alileta gundi isiyoharibiwa na joto, Tunu akaleta shanga. Akabandika moja juu ya alama. Jiko likakataa kusikia kidole.

"Na lingesikia, ningeliwasha wakati bado napapasa," bibi alisema. "Wekeni pembeni, ukingoni, usawa wa alama. Moja ya kuwasha, mbili za kuzima."

Wakafanya hivyo. Kisha Hamza akairekodi sauti ya Tunu kwenye simu, na simu akaiunganisha na jiko. Jiko likizimwa, simu inasema, "Jiko limezimwa, bibi."

Jioni ile bibi alipika chai mwenyewe. Hamza akaonja, akakohoa. "Mama, tangawizi hii ina makali ya kuchimbia kisima."

"Kunywa. Ulikuwa umeisahau." Bibi akamvuta Tunu karibu. "Nashukuru, mjukuu wangu. Mungu amenipa watoto wenye huruma. Ila shika hili: ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza, halafu mwachie anachokiweza. Mikono ikikosa kazi, moyo nao hunyong'onyea."

"Nimekuelewa, bibi."

"Na wewe Hamza, Gwata utakwenda peke yako. Ukaniletee kinu changu."