Karatasi za Mama na Mafaili Yaliyokataa Kufutika

Odalmis ni fundi cherehani. Anakaa Morón, mji mdogo mbali na Havana, nyumba ya tatu kutoka kwenye reli, pamoja na mumewe Arsenio na mama mkwe wake, Mama Herminia. Kila asubuhi hufagia nyuzi za jana, huchuja kahawa, na kumpelekea Mama Herminia kikombe chake kidogo chenye vijiko viwili vya sukari. Halafu hukaa kwenye cherehani. Kazi yake kubwa ni magauni ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano. Pale kwao siku hiyo ni kubwa kama arusi, na gauni ndilo linaloangaliwa kwanza.

Ufundi aliurithi kwa mama yake, marehemu Elpidia. Elpidia alimwachia karatasi mia mbili na kumi na mbili za kukatia nguo, zilizotengenezwa kwa magazeti ya zamani. Zilikuwa za mikono, kola, viuno na marinda, kila moja na maandishi ya penseli pembeni. Mwaka jana mvua ilivuja darini ikalowesha sanduku. Karatasi zikashikamana, na kila ukiigusa moja inachanika. Odalmis aliazima kamera kwa mpigapicha wa mtaani akazipiga picha moja moja, taratibu, kabla hazijaoza. Zilipomalizika kupigwa picha, zikatupwa.

Picha mia moja na thelathini alikuwa ameshazihamishia kwenye kompyuta. Themanini na mbili zilibaki ndani ya kamera.

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, mwenye kamera alituma ujumbe. Amepata kazi Holguín, anasafiri leo. Atapitia kamera yake saa sita kasoro, na ataisafisha ili apate nafasi ya picha za arusi. Na saa sita hiyohiyo umeme ungekatika, kama ilivyotangazwa.

Odalmis aliunganisha kamera na kompyuta. Kompyuta ikamwambia haina nafasi.

Hilo halikumshangaza. Kila Jumatatu kijana mmoja aitwaye Leosdán hupita mitaani na diski yake, na kila nyumba hunakili inachotaka: tamthilia za Kituruki, za Kibrazili, vichekesho, mashindano ya kuimba. Nyumba ya Odalmis hunakili kila kitu na haifuti chochote.

"Tufute tamthilia," alisema Arsenio akivuta kiti.

Alichagua folda ya kwanza, akabonyeza kufuta. Kompyuta ilikataa, ikaleta ujumbe. Arsenio akaufunga ule ujumbe akajaribu tena. Ikakataa. Akaenda folda ya pili, ikakataa na kuleta ujumbe mwingine, naye akaufunga vilevile. Akajaribu ya tatu, folda kubwa yenye jina asilolijua, nayo ikadai ruhusa. Akabonyeza huku na kule, upesi upesi, kama mtu anayefukuza kuku bustanini.

"Basi," alisema mwishowe. "Tufute diski nzima, tuanze upya. Jumatatu Leosdán atatujazia."

"Na karatasi za mama," aliuliza Odalmis, "Leosdán naye anazo?"

Odalmis alimwomba asiguse kitu, akatoka kwenda kumwita Nereida, jirani wa nyumba ya pili.

Nereida alitunza kompyuta za ofisi ya kiwanda cha sukari kwa miaka ishirini na sita, mpaka kiwanda kilipofungwa. Siku hizi watu humpelekea mashine zilizokufa, naye huzifufua kwa vipuri vya mashine nyingine zilizokufa. Alikuja na vibiringo vya nywele kichwani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakugusa kompyuta. Alikaa, akaomba kahawa, kisha akamwambia Arsenio ajaribu kufuta folda ya kwanza tena.

Ujumbe ukatokea. Mkono wa Arsenio ukaenda kuufunga.

"Acha," alisema Nereida. "Nisomee."

Arsenio akasoma. Ujumbe ulisema kwamba faili lililomo limefunguliwa katika programu nyingine.

"Unaona, ndugu yangu? Kompyuta haina kiburi. Ikikataa, inakwambia sababu. Wewe unaifunga mdomo halafu unalalamika kwamba haisemi."

Odalmis alitabasamu. Tangu wapate kompyuta hakuwahi kumwona mtu akisoma ujumbe ule mpaka mwisho.

Arsenio aliapa kwamba amefunga kila kitu. Kweli, kwenye kioo hapakuwa na programu iliyo wazi. Nereida hakubishana naye. Aliangalia nyuma ya kompyuta, akauona waya mweusi, akaufuata kwa macho. Waya ulipanda ukutani, ukapita kwenye tundu, ukaingia chumba cha Mama Herminia.

Wakaenda wote watatu. Mama Herminia alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea, anachambua maharage meusi. Mbele yake, kwenye televisheni, mwanamke wa Kituruki alikuwa amesimama tuli, mdomo wazi, chozi moja shavuni.

"Mama, unaangalia?" aliuliza Odalmis.

"Nimemsimamisha. Anataka kutaja baba wa yule mtoto. Nachambua maharage kwanza, nimsikilize nimetulia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana."

Nereida alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akaeleza. Televisheni ile inatumia kompyuta ileile ya sebuleni. Maadamu filamu imesimamishwa tu, kwa kompyuta bado inatumika, na kitu kinachotumika hakifutiki. Hata kikiwa ni kimoja tu, kinaweza kuzuia folda nzima.

Arsenio alitaka kuizima palepale. Mama Herminia akamwambia kwamba ana miaka themanini na moja, na baba wa mtoto lazima amjue leo. Nereida akaangalia saa, akasema dakika nane zipo. Wakasimama mlangoni wakasubiri. Baba wa mtoto akawa ni daktari, jambo ambalo Mama Herminia alisema alilijua tangu sehemu ya kumi. Kisha akaifunga filamu kwa mkono wake mwenyewe.

Folda bado ilikataa.

Arsenio alimtazama Nereida kama mtu aliyeshinda kesi. Nereida hakutikisika. Alisema mara nyingine dirisha linafungwa lakini programu inabaki ndani, imeganda. Akamwonyesha Odalmis vitufe vitatu vya kubonyeza kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Ikatokea orodha ya programu zote zinazofanya kazi. Jina la ile ya kuchezesha filamu lilikuwemo. Akamwambia alichague hilo tu, aisimamishe, na asiguse majina asiyoyajua.

"Na kama ingekataa hata hapo?" aliuliza Odalmis.

"Unazima kompyuta vizuri, unaiwasha upya, na unafuta kabla hujafungua kitu kingine. Hapo kwa kawaida hakuna kilichoishika folda tena. Ikikataa bado, unatafuta virusi."

Odalmis akafuta. Folda ikaondoka.

Folda ya pili ilikuwa na ujumbe tofauti. Odalmis aliusoma mwenyewe sasa, neno kwa neno, kidole kikipita kwenye kioo. Ulisema jina ni refu mno.

Nereida akatikisa kichwa akicheka. Diski ya wiki hupita mikono mingi kabla ya kufika Morón, na kila mnakili huongeza folda yenye jina lake na sifa zake. Folda ya nje iliandikwa kwamba hizi ni tamthilia mpya kabisa kutoka kwa Leosdán, mfalme wa diski Morón nzima. Ndani yake kulikuwa na folda ya mnakili wa Ciego de Ávila, naye ni bingwa wa bei nafuu. Ndani yake tena, ya mnakili wa Havana, ambaye ni baba yao wote. Kompyuta huyasoma majina hayo yote kwa mfululizo kama jina moja, mpaka linazidi kipimo chake.

"Leosdán amejisifu mpaka kompyuta imekosa pumzi," alisema Nereida. "Yafupishe. Anza na la nje."

Odalmis akabadili majina yote matatu. La kwanza akaliita A, la pili B, la tatu C. Akafuta. Zikaenda zote.

Arsenio, aliyeanza kupata moyo, alikishika kipanya akaelekea ile folda kubwa ya tatu. Nereida akauondoa mkono wake polepole.

"Hiyo ni ya kompyuta yenyewe. Ndiyo inayoiwasha. Hapo imekataa kwa kujilinda, nawe uishukuru. Usichokijua, usikifute."

Ilikuwa saa tano na robo. Odalmis aliangalia nafasi ya diski. Haikuongezeka hata kidogo. Nereida akamwelekeza kwenye picha ya pipa la taka pembeni mwa kioo. Mafaili yaliyofutwa yamelala humo, alisema, na bado yanakula nafasi mpaka pipa limwagwe. Lakini kabla ya kumwaga, fungua uangalie.

Odalmis akafungua. Katikati ya tamthilia aliona picha tatu za karatasi: mkono wa puto, kola ya duara, na rinda la ngazi. Arsenio alizitupa asubuhi alipokuwa anabonyeza huku na kule, na hakujua.

Odalmis akazirudisha moja moja. Akaangalia tena juu mpaka chini, kisha akamwaga pipa. Nafasi ikafunguka.

Picha themanini na mbili ziliingia kwa dakika kumi na mbili. Nereida hakumruhusu ainuke. Alimtaka afungue chache ahakikishe zinaonekana. Kisha anakili zote kwenye flashi, na asiichomoe mpaka kompyuta iseme ni salama. Odalmis akahesabu: mia mbili na kumi na mbili. Mwenye kamera alipopiga hodi alikabidhiwa kamera yake na kahawa. Saa sita feni ikasimama na kioo kikawa cheusi. Odalmis alikuwa na flashi mkononi.

Sasa kila Ijumaa Odalmis husafisha kompyuta. Hufunga programu kwanza, husoma ujumbe mpaka mwisho, huangalia pipa kabla ya kulimwaga. Flashi ya pili inakaa kwa Nereida. Arsenio naye hukata majina ya Leosdán siku hiyohiyo ya Jumatatu, na Leosdán amekasirika kidogo.

Mwezi wa nne alikuja msichana aitwaye Yanelkis na bibi yake. Bibi alisema gauni lake la miaka kumi na mitano lilishonwa na Elpidia, lilikuwa na mikono fulani, hajaiona tena popote. Odalmis aliwasha kompyuta akaipata picha ya mia moja na tisini na nane. Pembeni, kwa penseli, Elpidia aliandika: "Kwapani ongeza vidole viwili, wasichana hucheza." Odalmis akachukua chaki na futi, akaongeza vidole viwili, akakata.