Katapila la Kuchinja

Nguo za Mama zilianza kukauka upesi mno.

Alikuwa na mazoea ya kuzianika kwenye kisu cha katapila, ile sahani pana ya mbele ya kusukumia udongo. Marehemu mumewe aliliacha limeegeshwa nyuma ya nyumba, na kwa miaka sita halikuwa na kazi nyingine. Jumatatu ile alitandaza shati, akageuka kuchukua jingine kwenye beseni, na aliporudi la kwanza lilikuwa limekauka hadi limekakamaa. Akagusa chuma. Kilikuwa cha moto, na asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yametanda. Hakumwambia mtu. Mjane akianza kusema chuma kina homa, watu humtafutia yeye daktari.

Jioni wanawe wawili walikuja ili waamue la kufanya na katapila. Dada, mkubwa, alikuwa fundi cherehani. Mdogo wake alikuwa fundi wa mitambo, na kwa wembamba wake kila mtu alimwita Spana. Walisimama pale pale uani, wameliegemea.

"Tuuze zima," Dada akasema. "Baba alilipenda."

"Nani atanunua zima? Injini ilishakufa."

"Basi liende chakavu, wakaliyeyushe, yaishe."

"Dada, wewe shona magauni. Hili ni la kuchinja." Ndivyo mafundi wanavyosema: mtambo ukifunguliwa ukatolewa vipande, umechinjwa. "Mikono ina mtu wake, macho yana mtu wake, moyo nimeshauahidi. Ijumaa, jua likiwa utosini, nachinja. Mama, wewe ndiye mwenye mali. Unasemaje?"

Mama alishachoshwa na ubishi wao. "Chinjeni mwanangu," akasema kwa pumzi moja, bila kutua.

Juu yao, kiti cha dereva kikalia, kama vile mtu aliyekuwa amelala ameketi vizuri. Spana akasema ni upepo.

Jumatano mchana Mama alisikia kitu kinanolewa. Alidhani ni jirani, akatoka na ungo wake mkononi, akafuata ule mkwaruzo wa chuma kwenye jiwe, polepole, mbele, nyuma, mbele, nyuma, hadi akajikuta chini ya kibanda cha dereva, na humo ndani hamkuwa na mtu, ila harufu ya damu mbichi ilikuwa inashuka ngazini pamoja na harufu ya dizeli iliyooza, na mkwaruzo ukanyamaza papo hapo, kama anayenoa amegundua anatazamwa.

Ijumaa asubuhi Spana alipofika na vifaa vyake, alimkuta Mama sakafuni chumbani, macho yamegeuka, anacheka kwa sauti nzito ya kiume. Dada alikimbia mitaa miwili akarudi na mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi.

"Umefuata nini hapa?" mganga akauliza.

"Sikufuata kitu," sauti ikajibu kinywani mwa Mama. "Nilikuwemo mle kwenye chuma, nimetulia zangu. Wenye nyumba ndio walionitangazia karamu. Nimealika wenzangu, wako njiani."

"Karamu ya nini?"

"Mwenyewe alisema: chinjeni mwanangu."

Spana aliruka. "Tulikuwa tunaongea kifundi! Tulikuwa tunasema katapila!"

"Jini si fundi," mganga akanong'ona.

"Ila mama huyu ana watoto wawili, na hakusema yupi," sauti ikaendelea kwa upole. "Yeyote mama yao atakayemwita mwanangu kabla jua halijavuka utosi, huyo ni wetu."

Mama akazinduka, midomo imekauka. Mganga akamwinamia sikioni. "Usilitamke neno mwanangu. Jua likivuka, ahadi imekufa, na mimi nitamfukuza. Ukimwita mmoja wao hivyo, umemtoa kafara." Kisha akatoka na chetezo chake kwenda kulizunguka katapila.

Mama aliziba kinywa kwa mikono yote miwili. Dada alikaa kushoto kwake, Spana kulia, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Wageni walianza kufika. Kwanza ilisikika miguu miwili mitatu uani, kisha mingi, miguu mizito isiyo na viatu, ikawa inapita ukutani, ikawa inapita darini, ikawa inajipanga kimya nje ya dirisha kama watu wanaosubiri kukaribishwa mezani, na harufu ya damu ikajaa chumbani hadi Dada akashindwa kuvuta pumzi kwa pua, na kivuli cha dirisha sakafuni kikazidi kufupika, kikabaki upana wa vidole viwili.

Spana aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Vipi Mama akiteleza ulimi huku anamtazama yeye? Alimjua mama yake: hata ukimpa kiberiti, lazima akushukuru, na anashukuru kwa maneno yale yale siku zote.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Mama ana kiu. Mpe maji."

Dada aliinuka, akamimina, akapiga magoti, akamwinua Mama kichwa. Mama akaondoa mikono kinywani. Alikunywa yote, maana kiu ilikuwa inamuua.

"Ahsante, mwanangu."

Miguu yote nje ikasogea kwa pamoja. Dada alielewa kabla yao. "Si kosa lako, Mama," akasema haraka haraka, na kitu kikamvuta kwa nyuma, magoti yakiburuzika sakafuni, akapita mlangoni, na mlango ukajifunga. Hakupiga kelele hata moja. Mkwaruzo wa kunoa ukaanza tena, sasa kwa haraka.

Spana alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na aliishusha kwa sauti.

Mama aliisikia. Alimtazama, akatazama kile kikombe, akamtazama tena. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini uso wake ulikuwa mkavu kuliko chuma. Sakafuni kivuli kilikuwa bado kimebaki upana wa kidole kimoja.

"Njoo uniinue," akamwambia taratibu, "mwanangu."