Mpagazi Aliyekula Jumamosi

Kikohozi cha Leopoldi kilinuka Jumamosi na Jumapili tu. Siku za kazi alikohoa kwa adabu, kama mgonjwa yeyote wa saratani ya mapafu, akitema kwenye kopo. Ikifika Jumamosi, chumba chao cha kupanga mtaani Cheyo kilinuka tumbaku iliyovunda ndani ya bani, banda la kuikaushia, lililovuja, na chini ya tumbaku, mzoga wa mbuzi.

Godeliva, mkewe, aliligundua hilo kabla ya daktari. Mumewe alipangiwa dozi thelathini za mionzi, moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwisho wa wiki mashine ilipumzika, kama karani mwenye cheo.

Jumamosi ya tatu, jua la mchana likiwaka dirishani, aliinama kumwaga kopo, na makohozi yakasogea. Yalikuwa mazito, ya kijivu, yana nywele ndani. Yakapanda ukingo taratibu kama konokono, yakamgusa kidole gumba kwa uvuguvugu wa ulimi, na kabla hajapiga kelele sauti ikatoka kifuani mwa mumewe, midomo yake ikiwa imefumbwa, sauti ya mtu anayeongea huku anatafuna:

"Karibu, Mama Dismasi. Tuko kambini."

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Mpagazi. Wenye msafara walinitupa njiani huko Ulyankulu, ningali hai na kikohozi changu, maana pembe za ndovu hazimsubiri mgonjwa. Mumeo akaja kulima tumbaku juu yangu. Siku tano natembea, naungua. Siku mbili napumzika, nakula." Akameza kitu. "Kama ni wanaume, wanipe dozi zote siku moja. Tuone nani ataanguka."

Jumatano iliyofuata hospitalini wakakuta tangazo lenye mihuri miwili, asije mtu akalitilia shaka: mionzi ingesimama Ijumaa Kuu, Jumamosi, Pasaka, Jumatatu ya Pasaka na Jumanne, Siku ya Karume. Kifuani mwa Leopoldi kikasikika kicheko chenye mate.

"Siku tano! Namaliza na pafu la pili."

Godeliva akamkimbilia Silasi, mtaalamu wa mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mpe zote zilizobaki leo. Mchome mara moja!"

"Nimchome nani, mama?"

Akamweleza kwa kunong'ona. Silasi hakucheka, kila Jumatatu asubuhi, kabla ya dozi, alikuwa akinusa mabaki ya harufu hiyo kwenye pumzi ya Leopoldi.

"Huyo anakudanganya. Zote kwa siku moja zinaua pafu na koo, na moyo uko jirani. Atakayeanguka ni mzee. Tunatoa kidogo kidogo ili mwili upate nafasi ya kujijenga. Mapumziko ya siku mbili, anajijenga mzee. Yakiwa ya siku tano, na huyo wako naye anajijenga."

"Sasa tufanyeje?"

"Leo mbili, kesho mbili, zipishane kwa muda wa saa sita. Na moja Jumamosi, daktari akikubali."

Daktari Imakulata alikubali. Fomu ya kufungua chumba siku ya mapumziko ikadai sababu, Silasi akaandika, "Mgonjwa ana mgeni." Mwenye muhuri alikuwa ameshaondoka kwenda kula Pasaka Kaliua, kwa hiyo Jumamosi daktari akafungua kwa ufunguo wake, akisema barua ya kujieleza ataiandika baadaye, kwani ana uzoefu nazo.

Leopoldi akalazwa, mlango mzito ukafungwa. Mashine ilipoanza kuvuma, spika ya ukutani ikaleta ile sauti ya mpagazi.

"Leo sikukuu! Leo hakuna kazi! Nyie hamna dini?"

Ikapiga yowe, ikabembeleza, ikatukana matusi ya wapagazi waliokufa zamani, harufu ikapenya chini ya mlango na kuwakaa ulimini kama mafuta yaliyochacha, Silasi akatapika ndani ya kikapu cha karatasi bila kuondoa macho kwenye kioo cha mashine, na daktari, leso puani, akahesabu sekunde kwa sauti hadi mvumo ukakoma.

Leopoldi akatema kwenye beseni kipande cheusi, laini, ukubwa wa ini la kuku. Kilikuwa na meno. Kilitafuna hewa mara mbili, kikatulia.

"Kimetoka chote?" Godeliva akauliza.

"Nusu, labda," daktari akasema. "Zimebaki dozi nane. Usikose hata moja."

Wakatoka polepole, Godeliva kamshika mumewe mkono. Wakiwa getini, sauti ikauliza, nyembamba, yenye woga:

"Mama Dismasi, zimebaki ngapi?"

Godeliva akaitazama kwanza midomo ya mumewe. Ilikuwa imefumbwa.

"Mia mbili," akajibu, akimbana Leopoldi mkono asije akamsahihisha.