Gramafoni Iliyotaka Mume na Mke

Nina miaka thelathini na mmoja, ni fundi cherehani hapa Kihesa, Iringa, na mpaka leo naishi na mama. Wenzangu niliosoma nao wana watoto wa kuwatuma dukani. Mimi nina gramafoni!

Mchumba wangu Anyisile alikuwa karani huko Mbeya. Watu walipokuwa wakikimbilia redio za betri, sisi tulipanga kukusanya gramafoni za zamani, zile za kuzungusha kwa mkono, tujaze sebule yetu tukishaoana. Ya kwanza ndiyo iliyotusumbua. Tuanze na ipi?

Lami ya kwenda Mbeya ilikuwa imeshakamilika, lakini mama aliugua miguu na sikuweza kumwacha. Nikamwomba Atupele wa Ilomba, huko huko Mbeya, rafiki yangu wa chanda na pete, amsaidie Anyisile kuchagua.

Waliona tatu. Ya fundi redio mjini ilikuwa na tarumbeta inayong'aa, lakini ndani ilikuwa ya kuungaunga. Ya mkulima wa Ubaruku ilijaa pumba za mpunga. Ya tatu ilikuwa ya mgane mmoja, mzee wa kanisa huko milimani; nzima kabisa, hata sindano zake zimo kwenye kikopo. Hiyo hiyo!

Tatizo, mzee hakutaka kumpa kapera. Alizoea kuisikiliza na marehemu mkewe, akaapa itakwenda kwa mume na mke tu. Atupele alipokuja kunieleza, nilicheka. Nikamwambia, "Si ujifanye mke wa Anyisile siku moja tu! Utapungukiwa nini?"

"Usije ukanigeuka baadaye," akasema.

"Nenda bwana, wewe naye!"

Jamani... ulimi huu!

Wakaenda. Mzee hakuishia kuwakabidhi gramafoni. Jumapili aliwasimamisha mbele ya kanisa zima, akawawekea mikono, akaiombea ndoa yao. Akina mama wakampa Atupele mkungu wa ndizi. Nani angethubutu kusema ni uongo? Wakaalikwa tena, na tena... mpaka Atupele akapata mimba.

Anyisile alikuja mwenyewe, gramafoni begani. Hakukaa hata kitini. Alisema kumwacha Atupele sasa ni kumwaibisha mzee wa watu. Aibu ya mzee aliiona, yangu je? Nilimfukuza na mkasi wangu wa kukatia vitambaa mpaka barabarani, gramafoni akaiacha!

Mama hupenda nimpigie santuri jioni. Nampigia, maana yeye hana kosa. Kisha natoka nje, nakaa na kuku mpaka iishe.

Dada zangu, kusanyeni mnachotaka, hata vigae. Lakini nawasihi, nafasi yako usimpe mwenzio akushikie, hata kwa mzaha, hata kwa saa moja! Mimi nilimkalisha mwenyewe kwenye kiti changu, nikacheka. Hajainuka mpaka leo.