Matawi ya Barafuni

Soko la Kuopio, mji wa Ufini ulio kando ya ziwa, lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya Oktoba, kila mtu akisaka vifaa vya michezo ya baridi vilivyotumika. Helka, ndani ya koti lake la kijani la sufu, alishika kiatu cha kutelezea barafuni. Kile cha kulia kilikuwa mkononi mwa mwanamume mrefu mwenye kofia nyekundu.

"Dada, hivi nimeviona mimi kwanza."

"Umeviona kwa mguu upi? Huo wako hauingii humu hata ukipakwa siagi."

Mwanamume aliutazama mguu wake, akacheka. "Haya, chukua. Ila ziwa likiganda, utateleza na mimi."

Hivyo ndivyo alivyompata Ilmari. Ziwa lilipoganda waliteleza bega kwa bega, na theluji iliposhuka wakahamia msituni na mbao za kutelezea. Jioni walijipasha moto kwenye sauna, chumba cha mvuke, mashavu yakiwaka. Helka alikuwa hajawahi kupenda hivyo, na kwa sababu hiyo aliogopa.

"Baba alizama mwezi wa Aprili, barafu ikiwa imeanza kuyeyuka," alimwambia. "Alifuata matawi ya msonobari yanayochomekwa barafuni kuonyesha njia salama. Njia ilishafungwa, lakini hakuna aliyekwenda kuyang'oa. Niahidi, Ilmari. Ikifika Aprili hukanyagi barafu."

"Nakuahidi, mpenzi."

Aprili ilifika. Helka alikuwa akipita bandarini kutoka kazini alipoiona kofia nyekundu, mbali, juu ya barafu iliyokwishageuka kijivu. Akapiga simu.

"Uko wapi?"

Upepo ulivuma kwenye simu. "Helka, nisikilize kwanza."

"Nakuona kwa macho yangu."

"Narudi sasa hivi. Nitakueleza yote."

"Baba naye alikuwa anarudi."

Alikata. Alisimama pale, roho mkononi, mpaka kofia ilipogusa nchi kavu, kisha akageuka na kwenda zake. Hakutaka kumpenda mtu wa kumsubiri ufukoni.

Kiangazi kizima aliendesha baiskeli peke yake kandokando ya ziwa. Simu ya Ilmari ilipolia aliitazama mpaka ikanyamaza. Oktoba iliporudi alivibeba vile viatu sokoni, avitoe machoni pake.

Mama mmoja wa chama cha watelezaji alikuwa akipanga meza. "Wewe si mchumba wa Ilmari? Mpe salamu. Mzee wetu wa kung'oa matawi aliugua mwaka huu, na kila mtu akakwepa. Kijana wako akaenda peke yake. La sivyo yangebaki yamesimama, na mtu angeyafuata."

Helka aliweka viatu chini. Alipiga simu palepale, katikati ya watu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza. Ningekutii, na matawi yangebaki. Nilimfikiria baba yako, Helka."

"Uliniahidi."

"Niliahidi, nikavunja. Hapo sina la kujitetea."

Helka alilia bila kujificha. Mama yule akajifanya kupanga soksi.

"Njoo sokoni," alisema hatimaye. "Viatu bado sijaviuza."

Mwaka uliofuata hawakungoja Aprili. Mwishoni mwa Machi, barafu ikiwa ingali nene, walishuka ziwani wawili, kamba moja viunoni mwao. Helka alitetemeka mpaka Ilmari akaihisi kamba ikicheza.

"Turudi?"

"Wewe ng'oa. Maneno baadaye."

Tawi la mwisho alilishika Helka mwenyewe, akalivuta kwa mikono miwili. Walipofika ufukoni Ilmari akaanza kufungua fundo.

"Acha kwanza," Helka alisema. "Unioe, Ilmari. Na kila mwaka tuje wote, hivi hivi."

"Nitakuoa. Na kila mwaka tutakuja wote."

Matawi mengine waliyarundika bandarini. Lile la mwisho Helka alilipeleka makaburini, akalilaza juu ya jiwe la baba yake.

"Tumeyatoa yote, baba," alisema.