Namba Iliyopanda Bila Chuma

Nilikuwa nasonga ugali, unga ndiyo kwanza unashika, Nyanjige alipoingia uani bila kubisha hodi. Nywele zake zilijaa vumbi la pamba. Yeye hufagia kiwanda anakofanya kazi mume wangu, Masalu.

"Mayu, mama, nenda ukamchukue mumeo. Amejifungia karakanani."

"Amelewa?"

"Heri angelewa. Anasema Shija ameishika mashine."

Shija tulimzika Jumapili. Alikuwa fundi mwenzake Masalu, mtu asiye na mke wala ndugu hapa Bariadi. Mashine ya kukereza vyuma ilimvuta kwa mkono wa shati. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na kwetu kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka yaishe. Lakini huo ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Pamba ilirundikana hadi barabarani, na bosi akataka shafti ya chuma aliyoiacha Shija katikati imaliziwe. Masalu akakubali. Tuna watoto wawili wa kulisha.

Niliepua sufuria, nikamwambia Kwandu amwangalie mdogo wake, nikaondoka.

Jua lilikuwa limezama. Njia ilikuwa tupu, nyuzi za pamba zimenasa kwenye michongoma. Kiwandani wote walishaondoka. Nilisikia mashine moja tu, sauti nyembamba... kama mtu anayeguna akiwa amefumba mdomo.

Masalu alinifungulia bila kunitazama.

Mashine ile inaendeshwa kwa kompyuta. Kwenye kioo chake kuna namba inayoonyesha nguvu ya kuzungusha. Masalu aliwahi kunieleza: "Ni kama mwiko wako. Ugali ukikaza, mkono unajua. Namba hii ndiyo mkono wa mashine." Kisu kikikata chuma, inapanda. Kusipokuwa na chuma, inalala chini.

Shafti alikuwa ameshaitoa. Kisu kilikuwa kimerudishwa nyuma. Taya za mashine, zile zinazobana chuma, zilizunguka tupu.

Namba ilikuwa inapanda.

Ishirini... thelathini na tano... sitini.

"Labda beringi zimekufa," nilinong'ona.

"Nimezikagua. Nzima."

Nikabonyeza kitufe chekundu cha kuzima mashine. Haikuzimika. Harufu ya ugoro ikanijia puani, ugoro wa Shija, aliokuwa akiuchanganya na magadi mengi kupita watu wote.

Masalu akakunja mkono wa shati. Akaunyoosha mkono kuelekea zile taya.

"Unafanya nini?"

"Namshika tu mkono. Nimtoe."

Nilimkamata mkanda kwa nyuma, nikavuta. Hakusogea. Vidole vyake vilibakiza nafasi ya kupita jani.

Sikuwa na dawa, na sala zote zilinipotea. Nilichokuwa nacho ni maneno niliyoyasema kila mchana nikiwapelekea chakula, maana Shija hakuwa na wa kumpikia.

"Shija, acha kazi. Twende tukale."

Namba ikaganda.

Ikashuka. Taya zikasimama. Masalu akaangukia kifuani kwangu, mzito kama gunia.

Tulirudi, yeye mbele, mimi nyuma. Nyuma yangu hapakuwa na hatua za mtu. Ile harufu tu. Sikugeuka.

Ugali ulikuwa umeharibika, nikawamwagia kuku, nikabandika maji mengine. Yalipochemka, kabla ya kutia unga, nikatumbukiza mwiko nisuuze mabaki yaliyogandia.

Ukakaza.

Maji matupu. Nikauvuta, ukavutwa. Hakuvuta kwa ubaya. Alivuta kama mtu anayetaka kunipokea kazi.

Nikangoja. Ukaachia.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Masalu alikaa mkekani akitazama viganja vyake. Watoto walikuwa na njaa. Nikasonga, nikapakua, nikawahesabu kama kila jioni: Masalu, Kwandu, Anna, mimi.

Kisha nikajisogeza kidogo, nikaacha nafasi mkekani.

Sote tupo.