Kitambulisho cha Jokébed

Ndugu wasomaji, asubuhi ile Jokébed alikuwa ameketi uani kwake Vulamba, mjini Butembo, akichambua maharagwe huku akiimba wimbo wa kanisani. Ulikuwa wakati wa waasi, watu wakilala na viatu miguuni. Lakini mjane huyu alikuwa na kitu cha kumtuliza moyo: nyumba ya matope aliyoachiwa na mumewe, na kiwanja kilichoandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Mara waashi wakaingia na kamba, wakaanza kupima.

"Munatafuta nini ku parcelle yangu?"

"Mama, hii iko ya monsieur Ananie wa Beni. Jokébed alimuuzishia."

"Jokébed ni miye!"

Wakacheka. Hapo akamkumbuka Bénite, binti ya baba yake mdogo.

Bénite alikuwa amemjia akilia. "Yaya, dada yangu, mama iko mugonjwa kule Oicha. Bila carte, basoda ba barrière hawatanipitisha. Uniazime yako."

Sura zao zilifanana, na picha ilikwisha kufifia. Na kwetu, nani atamwacha ndugu akwame kwenye kizuizi cha askari wakati wa vita? Jokébed akampa kitambulisho chake. Bénite aliporudi alisema kimepotea, na Jokébed, masikini, akamhurumia! Hakwenda kutangaza popote. Kumbe mama yule alikuwa mzima wa afya. Bénite alimwonyesha Ananie kiwanja siku ya soko, Jokébed hayupo, kisha akauza kwa jina lisilo lake. Na mkuu mmoja wa mtaa, mtu asiye na haya, akaipigia muhuri hati ya mauzo kwa malipo ya chupa ya bia.

Jokébed akafunga kitenge aende polisi. Baba yake mkubwa, mzee Ésaïe, akamzuia mlangoni.

"Mambo ya ndugu hapana kupeleka ku bureau. Batu batatucheka. Tutayamaliza ku famille."

Walimaliza nini? Kikao leo, kikao kesho, maombi, chai. Bénite haonekani. Ésaïe anasema subiri. Nami ninauliza kwa hasira: tulikuwa tunaficha aibu ya nani? Siku moja Jokébed alitoka sokoni akakuta waashi wa Ananie wamebomoa, kuta ziko chini na vyungu vyake vinanyeshewa.

Hapo ndipo alipokwenda. Afisa wa upelelezi, Manassé, akaandika mashtaka, akamwita Ananie kutoka Beni, akawasimamisha uso kwa uso.

"Bibi mwenye alikuuzishia ni huyu?"

Ananie akamtazama. "Hapana. Huyu mi siyamuonaka hata siku moya."

Basi, ni hayo tu! Maneno hayo yangesemwa siku ya kwanza, nyumba ingekuwa imesimama. Bénite akasakwa, akakamatwa. Mahakama ikafuta mauzo, kiwanja kikarudi kwa Jokébed. Kuhusu nyumba, Bénite aliamriwa kulipa, lakini hakuwa na kitu.

Siku Bénite alipopelekwa gerezani kwa utapeli huo, Ésaïe alimfuata Jokébed chini ya turubai alimokuwa akiishi.

"Mwanangu, uende useme kwa juge umesamehe. Ule ni damu yako."

"Baba, Bénite aliiba jina yangu. Weye ulinifunga kinywa mupaka nyumba ikaanguka. Leo, hapana."

FUNZO

Kitambulisho hakiazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kikipotea, siku hiyo hiyo nenda polisi ukatangaze, na udai karatasi ya kuthibitisha upotevu. Mtu akitumia jina lako, mshitaki. Wajulishe watu wa ofisi ya ardhi wasiandikishe chochote, nenda na majirani wanaokujua, na uombe kukutanishwa na yule aliyetapeliwa kwa jina lako. Hiyo ni haki yako, wala si utovu wa adabu. Mficha uchi hazai. Nanyi wazee wa vikao na chai, mnaomfichia mwizi kwa kuwa ni wa ukoo, jueni kwamba mnabomoa nyumba pamoja naye.